Namna ya Kujifunza Kifaransa Miaka Kumi Bila Kukizungumza

Kujifunza Kifaransa hadi ukakijua ni kazi ya watu wasio na subira. Dereva wa watalii wa Arusha anaingia darasani mwezi wa tatu. Mwezi wa nane keshawapakia wazee wanne kutoka Lyon, anawasimulia habari za tembo, wanacheka, wanampa bahashishi. Huyo si wa kuigwa. Wa kuigwa ni mimi. Nimesoma Kifaransa masomo ya jioni hapa Dar es Salaam kwa miaka kumi, nina madaftari saba na kalamu za rangi nne, na sijawahi kununua hata boflo kwa lugha hiyo. Watu huniuliza nimewezaje.

Nimeweza kwa maswali. Mwalimu anapopitisha zamu ya kusema, mmoja mmoja, kutoka dirishani kuja mlangoni, wewe subiri imfikie jirani yako. Hapo nyoosha mkono: "Samahani, Madame, nina swali dogo la sarufi." Madame atageukia ubao, wenzako watainama kuandika, na kengele italia zamu yako haijafika. Swali la sarufi likiulizwa vizuri humeza kipindi kizima. Likiulizwa kwa ustadi humeza na kipindi kijacho.

Anza na meza, maana wote tulianza nayo. Kwa Kifaransa ni "la table", ya kike. Uliza kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa: kwa nini meza ni mwanamke? Uzuri wa swali hili ni kwamba halina jibu. Siku nilipolitoa mara ya kwanza, Madame wetu, mama wa Kikongo mzaliwa wa Bukavu, aliweka chaki chini akaniangalia.

"Papa, kwenu muti na mukate ni ndugu?"

"Hapana, Madame."

"Basi juu ya nini munaiweka mu ngeli moja?"

Hapa ndipo mwanafunzi dhaifu huharibu mambo, kwa sababu anaanza kufikiri. Anakumbuka kwamba mtoto wa Tandale ambaye hajaingia hata chekechea husema "kitabu changu kipya kimechanika" na kupatanisha mara tatu bila kukwama. Anakumbuka kwamba hakuna aliyewahi kumweleza jiwe na jicho vina undugu gani hadi vikae pamoja kwenye LI-YA, wala kwa nini kifaru, pamoja na ki- yake, amelala na si kimelala. Akishafika hapo atajiona ana rundo la ngeli kichwani, na Mfaransa anamdai mbili tu. Ataona aibu, atakaa chini, atazikariri. Wewe usifike huko. Ngeli zetu ni mantiki. Zao ni ukorofi.

Mwalimu akijaribu kukutuliza kwa kanuni, usitulie. Kanuni zipo, na bahati mbaya zinafanya kazi. Majina yanayoishia kwa -tion karibu yote ni ya kike. Yanayoishia kwa -age mengi ni ya kiume: "le voyage", "le fromage", "le garage". Yanayoishia kwa -eau vivyo hivyo: "le bateau", "le chapeau", "le gâteau". Mtu wa kawaida angeshukuru na kwenda zake. Wewe uliza yaliyokataa. "La plage", ufuko, "la page", ukurasa, "la cage", kizimba, na "l'image". Kwenye -eau wakaidi ni "l'eau" na "la peau", maji na ngozi. Plage peke yake imewahi kunipa dakika arobaini. Kisha ingia kwenye mwili wa mtu: ndevu, "la barbe", ni za kike, sharubu, "la moustache", ni za kike, na askari wa lindo, "la sentinelle", ni wa kike hata awe na vyote viwili. Mhanga wa ajali ni "la victime" awe Hamisi au Mwanahamisi. Sisi kwa kifaru tumefuata uhai tukapuuza umbo. Wao kwa askari wao wamefuata umbo wakapuuza ndevu. Ukiwa na akili timamu utaona ni tatizo lilelile limetatuliwa kwa njia mbili. Jitahidi usiwe nayo.

Akiba yako ya mwisho kwenye jinsia ni "amour". Pendo likiwa moja ni la kiume. Yakiwa mengi, kwa lugha ya kishairi, ni ya kike. Madame alipolieleza hili, mzee mmoja wa darasani, mwenye wake wawili, alicheka peke yake, kisha akanyamaza peke yake.

Na kama utahofu kwamba maswali ya jinsia yataisha, kumbuka kwamba kuna baraza zima linaloyapika kila siku. Académie française ilianzishwa mwaka 1635 na Kadinali Richelieu. Ina viti arobaini, na wanaovikalia huitwa Wasiokufa, ingawa hufa, na ndivyo viti vinavyopatikana. Mei 2020 walitamka kwamba covid ni ya kike, "la covid". Ufaransa nzima ilikuwa imeshaugua kwa jinsia ya kiume tangu mwezi wa tatu.

Sasa nakupa kanuni kuu, ambayo wengi mnaifuata bila kuambiwa. Usitoke Kiswahili kwenda Kifaransa moja kwa moja. Pitia Kiingereza. Ni kama mtu wa Kigoma anayetaka kwenda Bujumbura akapitia London, lakini kwetu sisi tuliosoma, njia ya mkato ni ushamba.

Tazama hasara ya kwenda moja kwa moja. Mswahili husema nina njaa. Mfaransa husema "j'ai faim", nina njaa. Nina kiu, "j'ai soif". Nina usingizi, "j'ai sommeil". Nina miaka arobaini, "j'ai quarante ans". Neno kwa neno, bila kubadili hata mpangilio. Mama ntilie wa Kigogo angeyapata yote haya asubuhi moja kabla maharage hayajaiva. Mwingereza ndiye husema yeye *ni* mwenye njaa, yeye *ni* miaka arobaini. Kwa hiyo sisi wenye vyeti tunavuka bahari, tunachukua ule u-ni wake, tunarudi nao darasani na "je suis faim". Mimi ni njaa. Ukiangalia mshahara wangu wa wakati ule si uongo, lakini si Kifaransa.

Mara moja tu nimewahi kuvunja mwiko nikasema Kifaransa mbele za watu, na ilikuwa kwa njia hiyohiyo ya London. Nilialikwa chakula cha usiku kwa familia ya Kifaransa iliyokuwa ikiishi Oysterbay. Sahani ya tatu ilipoletwa nilitaka kusema nimeshiba. Nikaipitisha kwa Kiingereza, ikatoka "je suis plein", nimejaa. Kumbe kwa Kifaransa cha mtaani nimesema nimelewa. Nilikuwa nimekunywa maji ya machungwa jioni nzima. Mama mwenye nyumba alitabasamu, akaisogeza glasi yangu mbali na kiwiko taratibu, kama unavyoondoa kisu mbele ya mtoto. "J'ai bien mangé" ingetosha: nimekula vizuri. Hata bibi yangu Tanga angesema hivyo.

Tuje kwenye jini lenyewe, subjonctif. Katika vitabu huwa sura ya kumi na kitu, na wanafunzi huisikia tangu sura ya pili kama watoto wanavyosikia habari za mumiani. Siku ikifika, darasa hujaa vilio. Kwa nini "il vient", anakuja, inageuka "vienne" baada ya "il faut que"? Kwa nini "je veux qu'il vienne"? Nani amekibadilisha kitenzi?

Nitakuambia kwa sauti ya chini, na usimwambie mtu. Lazima uje. Nataka aje. Mwambie atoke. Ile -e ya mwisho ndiyo hiyo. Bibi yangu wa Tanga, ambaye hajui Ufaransa iko upande gani wa bahari, hutumia subjonctif kila alfajiri akimwagiza mjukuu: waambie kuku watoke jikoni. Hakosei kamwe, hakuna Mswahili anayesema "nataka anakuja" isipokuwa mgeni, na tunamcheka. Na Kifaransa kinafuata hadi pale usipotegemea: natumaini atakuja haichukui -e, na "j'espère qu'il viendra" nayo haichukui subjonctif. Wanafunzi wakilijua hili, somo la wiki tatu litaisha kabla ya chai, na watu watabaki hawana la kuuliza. Likikutokea, kimbilia "bien que". Sisi husema ingawa anakuja, kitenzi kimetulia. Wao husema "bien qu'il vienne". Hapo pana ugomvi wa kweli, na unaweza kukaa humo hadi mwezi wa Ramadhani.

Ukanushi usiuguse, hauna faida. "Je ne sais pas": ne mbele, pas nyuma, kitenzi katikati kama nyama kwenye sambusa. Utalalamika vipi wakati wewe mwenyewe husema hatusomi, ha- mbele na -i nyuma? Jambo pekee la kuulizwa ni kwamba "pas" maana yake ni hatua: zamani ilikuwa siendi hata hatua, kisha hatua ikabaki na safari ikasahauliwa. Leo mtaani hata "ne" yenyewe wanaimeza, wanasema "je sais pas". Pita haraka, mwalimu asije akageuza kuwa mazoezi ya kuzungumza.

Wakati uliopita una chakula zaidi. Vitenzi vingi husaidiwa na "avoir": nimekula, "j'ai mangé". Vichache husaidiwa na "être", na vitabu huvichora ndani ya nyumba moja. Nimeikodolea macho picha hiyo miaka kumi. Mtu anaingia mlangoni, mwingine anatoka. Mmoja anapanda ngazi, mwingine anashuka. Mmoja ameanguka kutoka kibarazani na hakuna anayemwokota. Ghorofani mtoto anazaliwa na chumba cha pili mzee anakufa. Aller, venir, entrer, sortir, monter, descendre, tomber, naître, mourir: wote wapangaji wa être. Nikauliza kwa nini "courir", kukimbia, hamo humo, wakati nako ni kwenda.

Madame akajibu: "Mwenye kukimbia amekwisha kutoka mu nyumba."

Niliandika jibu hilo kwa kalamu nyekundu. Baadaye niligundua kwamba hata mpangaji halali hufukuzwa akibeba mzigo: nimepanda ni "je suis monté", lakini nimepandisha masanduku ni "j'ai monté les valises". Hilo lilinipa wiki nzima.

Na sasa ile kanuni inayowatoa jasho Wafaransa wenyewe. "J'ai écrit la lettre", nimeandika barua: kitenzi kimetulia. "La lettre que j'ai écrite", barua niliyoiandika: pameota e, kwa sababu barua imetangulia, nayo ni ya kike. Mshairi Clément Marot, katika karne ya 16, aliitungia kanuni hii shairi kuwaelekeza wanafunzi wake, akiwaiga Waitaliano, na tangu hapo watoto wa Ufaransa wanaikosea kwenye imla. Wapo walimu huko wanaotaka ifutwe.

Lakini soma tena Kiswahili chake. Barua *niliyoiandika*. Umeipa barua -yo-, ukaipa na -i-, ndani ya neno moja, ukiwa unatafuta ufunguo wa mlango mfukoni. Mfaransa anaongeza e moja anatoka jasho. Wewe umepachika viambishi viwili na hukujua kama umefanya kazi. Ungekuwa mtu wa Kariakoo ungemdai nauli. Kwa kuwa u mwanafunzi wa sarufi, nyoosha mkono useme ni ngumu mno.

Nitakuwa muungwana niseme mahali tunapostahili kulia. Ni le, la, un, du. Hatuna kitu kama hicho, na hakuna njia ya mkato, hata ya London. Sisi tuna kuku. Nakula kuku, napenda kuku, sina kuku. Mfaransa anataka kwanza ajue ni kuku kiasi gani na mnafahamiana vipi. "J'aime le poulet": napenda kuku, kuku wote wa dunia. "Je mange du poulet": nakula kuku, kipande chake. "Je mange un poulet": nakula kuku mzima hadi mbavu. "J'ai mangé le poulet": nimemla yule kuku, na wewe unamjua ni yupi, sentensi inayofaa mahakama ya mwanzo. Kisha ukikosa vyote, "je n'ai pas de poulet", na du yako imenyang'anywa hata herufi. Hapa kaulize kwa moyo mweupe. Mimi kwa sababu hiyo huwa siulizi. Swali lenye faida linaweza kukusukuma ukasema.

Kuna vitu vidogo vya kujazia dakika. Tahajia ni mojawapo: "oiseaux", ndege wengi, ina herufi saba na hutamkwa wazo, kama wazo la Kiswahili, na hakuna herufi hata moja humo inayofanya kazi iliyoajiriwa. "Vous" na "tu" huulizwa kana kwamba ni fumbo, na watu waliokua wakipima kila asubuhi huyu ni wa shikamoo au wa mambo. Afadhali tu ujue kwamba "vous" huenda pia kwa kijana usiyemjua, hata ukiwa umempita miaka ishirini. Na ile u yao ya kubana midomo, ambayo sisi hatuna: wavivu huitamka kama yetu, wakisema "dessus", juu, inasikika "dessous", chini, kikombe kikawekwa mvunguni na mambo yakaisha. Wenye bidii ndio wanaoumia. Hubana midomo hata pasipotakiwa, wakafika kwenye "merci beaucoup" wakamshukuru bosi wao kwa makalio mazuri.

Mgombanishe pia mwalimu na kitabu. Kitabu cha Paris husema 97 ni "quatre-vingt-dix-sept": nne ishirini kumi saba, hesabu ya mtu anayerudisha chenji gizani. Kuhesabu kwa ishirini-ishirini ni tabia yao ya kale. Paris kuna hospitali ya macho iitwayo Quinze-Vingts, kumi na tano mara ishirini, kwa sababu Mfalme Louis wa Tisa aliianzisha kwa ajili ya vipofu 300. Madame wa Bukavu, ambaye nchi yake ilirithi Kifaransa cha Wabelgiji, husema "nonante-sept", tisini na saba, basi. Uliza nani yuko sahihi. Usikubali jibu la kwamba wote wawili.

Na mtu akikudharau kwa kazi hii, mtajie Léopold Sédar Senghor, babu yetu wa ukoo. Mwaka 1935 alifaulu agrégation ya sarufi, mtihani wa kupata walimu wa hali ya juu Ufaransa, Mwafrika wa kwanza kuupita. Akawa rais wa kwanza wa Senegal. Mwaka 1983 akachaguliwa kuingia kwa Wasiokufa. Chini ya serikali yake filamu ya Ousmane Sembène, Ceddo, ilizuiwa nchini, na sababu iliyotolewa ni kwamba d imeandikwa mbili wakati kanuni za tahajia ya Kiwolofu zilitaka moja. Filamu nzima, farasi na wafalme ndani yake, imesimama kwa herufi moja. Dosari ya Senghor ni moja tu: alikizungumza.

Mwaka jana nilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, jina lenyewe limekaa vizuri, bwana mmoja akanigusa bega. Alikuwa ametoka Kinshasa, ana mabegi mawili ya vitenge na uso wa mtu mwenye dharura. Kiswahili hana.

"Monsieur, s'il vous plaît, les toilettes?"

Nikavuta pumzi. Miaka kumi ilikuwa inalisubiri swali hili. Choo cha kulipia nakijua, kiko uchochoroni hatua thelathini kutoka pale. Lakini mtu mwangalifu hakurupuki. Ufaransa, choo ni wingi, "les toilettes", hata kiwe kimoja chenye mlango mmoja. Ubelgiji, mara nyingi ni umoja, "la toilette". Kongo ilitawaliwa na Wabelgiji. Lakini bwana huyu mwenyewe ametumia wingi. Nimfuate yeye, au niifuate historia? Kama ni wingi, basi "elles sont", ya kike. Nikaanza kupanga.

Winga aliyekuwa ameegemea rundo la viatu alimwona yule bwana anavyobadilisha mguu.

"Papa! Toilette, là-bas! Gauche! Cinq cents!" Akanyoosha vidole vitano.

Kitenzi hakuna. La hakuna. Gauche imekaa peke yake kama mtoto aliyesahauliwa stendi. Bwana aliondoka mbio, mabegi akayaacha miguuni pa winga.

Aliporudi alimpa elfu mbili, wakaingia kwenye bei ya viatu, jozi sitini, kwa Kifaransa ambacho kingemuua Richelieu mara ya pili. Mimi nilikuwa nimefungua daftari la nne, nimeegemea nguzo ya umeme. Nilikuwa sahihi. Ubelgiji ni umoja.